Galileo Galilei: Maisha ya Mtu Aliyeupima Mwendo

Matatu itokayo Migori kwenda Homa Bay haifuati mstari mnyoofu. Hushika barabara kuu ya kuelekea Kisii, ikapita Awendo hadi Rongo, yaani ikielekea kaskazini-mashariki. Hapo Rongo huiacha barabara hiyo, ikageukia kaskazini-magharibi, ikapita Rodi Kopany na hatimaye kuteremka hadi ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Atazamaye ramani hugundua jambo lisilompitikia abiria akilini: mji wa Homa Bay uko karibu kaskazini kamili mwa mji wa Migori, na mstari mnyoofu kati ya miji hiyo miwili ni takriban kilomita 60. Barabara ni ndefu zaidi. Ikichukuliwa, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba gari limekwenda kilomita 72 kwa saa 2, basi kasi yake ya wastani ni kilomita 36 kwa saa. Velositi yake ya wastani, ambayo huhesabu tu umbali mnyoofu kutoka mwanzo hadi mwisho pamoja na mwelekeo wake, ni kilomita 30 kwa saa kuelekea kaskazini. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, muda ni ule ule. Majibu ni mawili na yote ni sahihi. Vidhibiti mwendo ambavyo kanuni za Waziri John Michuki zilivilazimisha katika magari ya abiria nchini Kenya mwaka 2004, kwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, vilihusu kasi pekee. Havikuuliza gari linaelekea wapi.

Hesabu hiyo huandikwa ubaoni kwa dakika mbili. Galileo Galilei, aliyeweka msingi wake, alihangaika na mwendo kwa zaidi ya miaka 40, na alifariki bila kuwahi kuiandika kwa namna inavyoandikwa leo.

Alizaliwa Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564, akiwa mwana wa kwanza wa Vincenzo Galilei na Giulia Ammannati. Baba alikuwa mwanamuziki, mpigaji wa kinanda cha nyuzi na mwandishi wa vitabu vya nadharia ya muziki. Ukoo ulikuwa na jina kubwa na mfuko mwembamba. Jambo la kukumbukwa kuhusu mzee huyo ni kwamba hakuridhika na yaliyoandikwa na wakale kuhusu sauti: alining'iniza mizigo kwenye nyuzi, akasikiliza, akaonyesha kwamba kanuni iliyorithiwa kwa jina la Pythagoras haikulingana na masikio. Katika nyumba hiyo, basi, mtoto alikua akiona kitabu kikisahihishwa na uzi. Wengi wa waandishi wa maisha ya Galileo hupita haraka hapa ili wafike kwenye darubini. Huenda wanapita haraka mno.

Mwaka 1581 aliingia Chuo Kikuu cha Pisa kusomea udaktari, kwa kuwa ndiyo kazi iliyoleta fedha. Hisabati haikuwa katika mpango wa baba. Aliifahamu kupitia kwa Ostilio Ricci, mwalimu wa hisabati aliyehudumu katika baraza la Mtawala Mkuu wa Toscana, na tangu hapo udaktari ukamchacha. Mwaka 1585 aliondoka chuoni bila shahada. Miaka minne baadaye, mwaka 1589, alirudi katika chuo kile kile akiwa mhadhiri wa hisabati, kwa mshahara uliokuwa mdogo mno ukilinganishwa na wa wahadhiri wa udaktari na falsafa.

Kipindi hicho cha Pisa ndicho kilichozaa kisa kinachosimuliwa katika kila darasa la fizikia, kwamba alipanda juu ya mnara uliolalia upande na kuangusha vitu viwili vya uzito tofauti mbele ya wanafunzi na maprofesa. Kisa hicho kilisimuliwa na mwanafunzi wake Vincenzo Viviani miaka mingi baada ya tukio linalodaiwa, na wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Kisichotiliwa shaka ni kwamba tayari alikuwa ameanza kuipinga kauli ya Aristotle kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake.

Baba alifariki mwaka 1591, na mzigo wa mzaliwa wa kwanza ukamwangukia. Alipaswa kulipa mahari ya dada zake, kwa kuwa katika nchi ile mahari ilitoka upande wa bibi arusi, na mdogo wake Michelangelo, mwanamuziki kama baba, hakuwa wa kutegemewa katika kuchangia. Mwaka 1592 alihamia Chuo Kikuu cha Padova, katika Jamhuri ya Venezia, akakaa huko miaka 18. Alifundisha wanafunzi wa faragha, akapangisha vyumba nyumbani mwake, akauza vyombo vya kupimia. Miongoni mwa masomo yaliyomletea riziki lilikuwa ujenzi wa ngome. Elimu hiyo Waitaliano walikuwa wakiisafirisha hadi mbali; mwaka 1593, mwaka mmoja tu baada ya Galileo kufika Padova, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Huko Padova ndiko pia alikoishi na Marina Gamba, wakapata watoto watatu bila ya ndoa: Virginia mwaka 1600, Livia mwaka 1601 na Vincenzio mwaka 1606.

Kazi kubwa ya maisha yake ilifanyika katika miaka hiyo, kimyakimya, bila kitabu. Kitu kinachoanguka huenda upesi mno kwa jicho na kwa saa za wakati ule, ambazo hazikuweza kugawa muda mfupi kwa uhakika. Galileo aliupunguza mwendo badala ya kuikimbiza saa. Alichukua ubao mrefu wa dhiraa 12 hivi, akauchonga mfereji mwembamba, akaulainisha na kuutandika ngozi nyororo, kisha akauinamisha kidogo na kuteremsha tufe gumu la shaba nyeusi. Tufe likibingirika juu ya mwinamo huchukua muda wa kupimika. Ili kuupima muda huo, alitoboa tundu dogo chini ya chombo kikubwa cha maji; maji yaliyochuruzika wakati tufe likiteremka yaliwekwa kwenye mizani. Gramu zikawa sekunde. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, alirudia jambo hilo mara nyingi, akibadilisha urefu na mwinamo, hadi tofauti kati ya kipimo na kipimo ikawa haifiki sehemu ya kumi ya pigo moja la mshipa.

Imesalia karatasi moja miongoni mwa maandiko yake yaliyohifadhiwa Firenze, ambayo mwanahistoria Stillman Drake aliichunguza katika miaka ya 1970. Ina safu ya tarakimu: 33, 130, 298, 526, 824, na kuendelea. Hizo ni umbali uliofikiwa na tufe mwishoni mwa vipindi vya muda vilivyo sawa, kwa alama ndogo za urefu, kila moja ikikaribia milimita moja. Kando yake kuna safu nyingine: 1, 4, 9, 16, 25. Mwanafunzi yeyote anaweza kuijaribu siri iliyomo kwa kuzidisha 33 kwa kila namba ya safu hiyo ya pili. Atapata 33, 132, 297, 528, 825; hakuna mahali tofauti inapozidi alama 2. Umbali hukua kwa mraba wa muda. Drake alipendekeza kwamba vipindi hivyo vilivyo sawa vilipimwa kwa mdundo wa wimbo, kwa sababu sikio la mwanamuziki hutambua upesi pigo lililochelewa. Ikiwa ni kweli, basi mzee Vincenzo, aliyekuwa kaburini zaidi ya miaka 10, alikuwa bado akishiriki katika kazi hiyo.

Tarakimu hizo zikichorwa katika grafu, muda ukiwekwa katika mhimili wa chini na umbali katika mhimili wa wima, hutoa mstari unaopinda kwenda juu, kila hatua ukizidi kuinuka. Mwinuko wa mstari katika grafu ya umbali na muda ndio kasi: mstari mnyoofu unaoinuka ni mwendo wa kasi moja, mstari uliolala ni kitu kilichosimama, na mstari unaopinda kwenda juu ni kitu kinachozidi kushika kasi. Galileo mwenyewe hakuchora grafu ya namna hii. Michoro yake ilikuwa ya jadi nyingine, iliyoanzishwa karne ya 14 na Mfaransa Nicole Oresme: mstari mmoja uliwakilisha muda, na vistari vilivyousimamia, kila kimoja kirefu kuliko kilichotangulia, viliwakilisha kasi inayokua. Ni pembetatu iliyo ndugu wa grafu ya kasi na muda.

Hata hivyo, kuwa na tarakimu sahihi si kuwa na fahamu sahihi. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Paolo Sarpi mwaka 1604, Galileo alieleza kanuni ya mraba bila kosa, kisha akaipa msingi wa uongo: alidhani kasi ya kitu kinachoanguka hukua kwa kadiri ya umbali kilioanguka. Ni dhana inayomjia mtu kwa urahisi, maana macho huona umbali na hayaoni muda. Ilimchukua miaka kung'amua kwamba kasi hukua kwa kadiri ya muda uliopita. Hapo ndipo penye kiini cha maisha yake yote ya kisayansi. Kuuweka muda katika mhimili wa chini, jambo ambalo leo mwanafunzi hulifanya kwa kuagizwa na mwalimu, kulihitaji mtu akubali kwanza kwamba saa ndiyo inayotawala mwendo, na si barabara. Uzeeni hakulificha kosa hilo. Katika kitabu chake cha mwisho alimfanya mmoja wa wahusika aungame kwamba hata mwandishi mwenyewe aliwahi kulishikilia kwa muda.

Mwaka 1609 kazi hiyo ilikatizwa na habari za chombo kipya kutoka Uholanzi. Galileo alijitengenezea darubini bora zaidi, na kuanzia tarehe 7 Januari 1610 aliiona miezi minne ikiizunguka Sumbula. Kitabu alichokitoa Machi mwaka huo kilimpa umaarufu kote Ulaya, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa amehamia Firenze akiwa mwanahisabati na mwanafalsafa mkuu wa Mtawala Cosimo II. Hayo yamesimuliwa mno na hayahitaji kurudiwa. Linalostahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha ni kwamba kitabu hicho cha 1610 kiliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya nzima, ilhali vikubwa vilivyofuata, tangu barua zake kuhusu madoa ya jua za mwaka 1613, viliandikwa kwa Kiitaliano. Alipoulizwa sababu na marafiki waliotaka asomwe nchi za nje, alijibu kwamba alitaka watu wenye akili ya kuzaliwa nayo, ambao hawakubahatika kufika chuoni, wajue kuwa maumbile yaliwapa wao pia macho ya kuona na ubongo wa kuelewa. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Jambo lililosemwa kwa Kilatini lilibaki kuwa mjadala wa maprofesa. Lililosemwa kwa Kiitaliano lilifika sokoni.

Mwaka 1616 Kanisa lilikitangaza kuwa kinyume cha Maandiko kile alichofundisha Copernicus, kwamba dunia huzunguka jua, na Galileo akaonywa asikitetee. Alinyamaza kwa kiasi. Rafiki yake wa zamani, Kadinali Maffeo Barberini, alipochaguliwa kuwa Papa Urban VIII mwaka 1623, alipata tumaini jipya, na Februari 1632 akachapisha Firenze kitabu kikubwa cha majadiliano juu ya mifumo miwili ya ulimwengu. Wapinzani walikuwa wakiuliza: ikiwa dunia inakwenda kwa kasi kubwa, kwa nini jiwe lililorushwa juu haliachwi nyuma? Galileo aliwajibu kwa mfano wa chumba kilichofungwa ndani ya merikebu. Merikebu ikitulia au ikienda kwa kasi moja bila kuyumba, vipepeo huruka vivyo hivyo, samaki huogelea bakulini vivyo hivyo, na matone ya maji huangukia mahali pale pale. Abiria wa kivuko kati ya Mbita na Luanda Kotieno anaweza kuushuhudia ukweli huo bila kufungiwa chumbani, siku ziwa likiwa shwari: sarafu ikimponyoka huanguka miguuni pake, haianguki nyuma yake, ingawa sitaha imesogea. Mji wa Homa Bay uko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Mzingo wa dunia hapo unakaribia kilomita 40,000, nao huzunguka mara moja kwa siku. Wakazi wake, basi, pamoja na ziwa lao na samaki wao, wanakwenda mashariki kwa kiasi cha kilomita 1,670 kila saa, na chai haimwagiki kikombeni.

Kitabu kiliuzwa miezi michache tu kabla ya kupigwa marufuku. Galileo aliitwa Roma, akahojiwa na mahakama ya Kanisa iliyohukumu uzushi, na tarehe 22 Juni 1633, akiwa na umri wa miaka 69, akapiga magoti na kuukana mwendo wa dunia. Wako wanaomlaumu kwa kukana. Lawama hiyo ni rahisi kwa asiyekuwa mzee na mgonjwa mbele ya mahakama iliyokwisha kumtishia mateso. Alihukumiwa kifungo, nacho kikageuzwa kuwa kizuizi cha nyumbani. Baada ya miezi kadhaa kwa askofu mkuu wa Siena, aliruhusiwa kurudi katika nyumba yake ya Arcetri, vilimani nje ya Firenze, karibu na monasteri alimoishi binti yake mkubwa.

Binti huyo, Virginia, aliyekuwa ameingia utawani na kupewa jina la Maria Celeste, ndiye aliyekuwa msiri wake. Barua zake 124 kwa baba zimesalia. Za baba kwake zimepotea. Alimwandikia kuhusu maumivu ya meno, kuhusu matunda ya bustani, kuhusu kola alizomfulia. Alifariki tarehe 2 Aprili 1634, miezi michache tu baada ya baba yake kurejea, akiwa na umri wa miaka 33. Katika barua zake kwa marafiki Galileo alieleza kwamba alisikia akiitwa na sauti ya mwanawe kila mara. Ni katika huzuni hiyo ndipo aliporejea kwenye karatasi za Padova zilizokuwa zimelala miaka karibu 30.

Kitabu kilichotokana na karatasi hizo kilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, mahali ambapo amri ya Roma haikufika. Kimejengwa kama mazungumzo ya siku nne kati ya watu watatu. Siku ya tatu ndiyo ya mwendo, na muundo wake ni wa ajabu: fasili na nadharia zimeandikwa kwa Kilatini, kisha wahusika wanazijadili, wanazihoji na kuzitolea mifano kwa Kiitaliano. Walimu wa Migori na Homa Bay watautambua mpangilio huo mara moja. Fasili huandikwa ubaoni kwa Kiingereza, lugha ya mtihani; kuelewa huja pale swali linapoulizwa kwa Kiswahili, kwa Kijaluo au kwa Kikuria.

Fasili ya mwendo wa kasi moja imo katika siku hiyo ya tatu. Wakale walisema ni mwendo unaopita umbali ulio sawa katika muda ulio sawa. Galileo aliona pengo, akaongeza neno moja: katika muda wowote ulio sawa. Matatu ya Migori inaweza kuonyesha uzito wa neno hilo. Gari linaweza kusimama Awendo dakika 10 kuchukua abiria, likakimbia, na bado likamaliza kilomita 36 katika saa ya kwanza. Likasimama tena Rongo, likakimbia, likamaliza kilomita 36 katika saa ya pili. Kwa fasili ya wakale, mwendo huo ni wa kasi moja, kwani saa mbili zilizo sawa zimetoa umbali ulio sawa. Neno wowote linaikataa hesabu hiyo papo hapo: likitumika kwa vipindi vya dakika 10, dakika 10 za Awendo hazikutoa hata mita moja. Katika grafu, udanganyifu wenyewe huonekana kama ngazi, sehemu zilizolala zikifuatwa na sehemu zinazoinuka kwa ghafla, ilhali mwendo wa kasi moja ni mstari mmoja mnyoofu usio na kovu. Mwanafunzi wa sarufi amezoea kukiona kiambishi na shina -ote kama suala la upatanisho wa ngeli. Hapa ndicho kilichobeba sayansi nzima.

Jambo jingine humshangaza msomaji wa leo. Hakuna mahali katika kitabu hicho ambapo umbali unagawanywa kwa muda. Hisabati aliyoirithi Galileo kutoka kwa Wagiriki iliruhusu kulinganisha umbali na umbali, muda na muda. Kugawanya dhiraa kwa sekunde kulionekana upuuzi, sawa na kugawanya ng'ombe kwa siku. Kwa hiyo alisema kwa uwiano tu: ikiwa vitu viwili vinakwenda kwa muda ulio sawa, kasi zao zinalingana kama umbali wao. Kasi kuwa namba moja inayojitegemea, kilomita 36 kwa saa, na velositi kutengwa nayo kwa kupewa mwelekeo, ni kazi ya waliomfuata. Yeye aliwafungulia mlango siku ya nne ya mazungumzo, alipoonyesha kwamba kitu kilichorushwa kina miendo miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa kwenda mbele kwa kasi moja na mwingine wa kuanguka kwa kasi inayokua, na kwamba miendo hiyo haidhuriani.

Kiswahili nacho kimepita katika mlango kama huo. Kasi, mwendo, mbio na spidi hubadilishana nafasi mitaani bila kumsumbua mtu, mpaka wanaisimu na wanasayansi walipolazimika kuvipangia mipaka, kama ilivyofanyika katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Kiitaliano cha Galileo kilikuwa na neno moja tu, velocità, kwa dhana zote mbili. Upungufu wa istilahi haukumzuia kufikiri, ulimlazimisha kueleza.

Kitabu kilipomfikia mkononi hakuweza kukisoma. Macho yaliyoiona miezi ya Sumbula yalikuwa yamekwisha kupofuka. Miaka minne ya mwisho aliishi kwa kuwaambia wengine waandike, kwanza kijana Viviani, na mwishoni Evangelista Torricelli pia. Alifariki Arcetri tarehe 8 Januari 1642. Mtawala wa Toscana alitaka kumjengea kaburi la heshima, Roma ikakataa, akazikwa katika chumba kidogo pembeni mwa kanisa la Santa Croce, Firenze. Alihamishiwa katika kaburi analostahili mwaka 1737. Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kosa la waamuzi wake mwaka 1992.

Mwaka 1641, akiwa hana nuru ya macho, alimweleza mwanawe Vincenzio jinsi saa inavyoweza kuendeshwa na kitu kining'iniacho kinachobembea, kwa kuwa tangu ujana alikuwa ameona kwamba mibembeo hiyo huchukua muda ulio karibu sawa. Vincenzio alichora mchoro na kuanza kukiunda chombo hicho, lakini alifariki mwaka 1649 kabla hakijakamilika. Saa ya namna hiyo iliyofanya kazi iliundwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwishoni mwa mwaka 1656, miaka 14 baada ya kufa kwa mtu aliyelazimika kuupima muda kwa kupima maji kwenye mizani.